Kifaru Kilichofugiwa Kuku

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini ni wewe uliyenifundisha kwamba salamu hutolewa kwanza, mambo ya kuitikiwa yatajulikana baadaye. Nakuandikia nikiwa dukani kwetu Gerezani, nimekalia kile kiti chako chenye mguu wa kuchomelea, na mbele yangu wamesimama watu wanaotaka fenibelti, bushi na taa za nyuma. Nimewaambia wangoje kidogo. Wamenuna, ila wanangoja.

Barua hii naiandika wazi, yeyote aisome. Ningependa yawe mambo yetu wawili, lakini jambo lenyewe lilisemwa mbele ya watu waliojaa ua mzima wa nyumba yetu ya Magomeni, kwa sauti kubwa, na mzee aliyevaa sufuria kichwani. Jambo la namna hiyo halifichiki tena. Nami nimechanganyikiwa, Baba. Nimechanganyikiwa tangu siku tuliyokuzika mpaka leo, na Jumatatu mjukuu wako Neema anaripoti kambini. Kabla hajaondoka anataka nimjibu swali moja tu: vitani, babu alivuka mto au hakuvuka?

Nianze na yale ninayoyajua.

Wanaume wengine wa mtaani kwetu walikuwa na timu zao za mpira, wakishinda barazani Jumapili nzima wanabishana. Wewe ulikuwa na vifaru. Uliendesha kifaru ujana wako wote, ukaja kuwa fundi wa magari ya deraya mpaka ukastaafu, na hata ulipofungua duka hili la spea uliendelea kufuatilia habari za majeshi ya dunia kama mtu anayefuatilia habari za ukoo wake. Ulijua nani ameunda kifaru kipya, nani ameacha kuunda, nani amemuuzia jirani yake vile vya zamani. Mezani ulitufundisha kwa tonge la ugali. "Kifaru hakina usukani," ulituambia, "kina mikono miwili. Ukivuta wa kushoto, mnyororo wa kushoto unasimama, wa kulia unaendelea, basi kinageuka palepale kilipo." Na tonge linageuka pembeni ya mchuzi. Mama alikuwa akikuambia, "Baba Agatha, kula hicho kifaru, kinapoa."

Vifaru vyenu vya kwanza vilitoka mashariki ya mbali, vikashushwa bandarini vimefunikwa maturubai, na walimu wake wakaja navyo pamoja na mkalimani. Ulisema mkalimani yule alikijua Kiswahili cha redioni lakini hakujua jina la skrubu hata moja, kwa hiyo mkafundishwa kwa kunyooshewa vidole. Kwa miaka mingi kiwanda kilichoviunda ndicho kilichokuwa kipimo chako cha vitu vyote. Sufuria ya mama ikitoboka, ulisema kule wasingekubali. Mlango ukikwama, ulisema kule fundi angefukuzwa kazi. Kisha, nikiwa msichana wa shule, ukasoma gazetini kwamba kiwanda kimekosa wateja, dunia imechoka na vita, na sasa kinaunda matrekta. Ulinuna siku kadhaa kama mwanamume aliyesikia mchumba wake wa zamani kaolewa na mkulima. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Majeshi nayo yakawa yanapanda na kushuka. Nchi kubwa iliyoogopwa na kila mtu ikavunjika vipande, vifaru vyake vikabaki uwanjani vinaota majani. Nchi nyingine ambayo zamani ilikuwa inaomba msaada wa matairi ikaanza kuwauzia wakubwa magari ya deraya. Ulinieleza yote hayo hapahapa dukani, kati ya mteja na mteja, nami nikawa naitikia "ehee" huku nikitafuta beringi kwenye makopo. Sikujua kwamba siku moja ningetamani ningesikiliza vizuri zaidi.

Unakumbuka siku Neema alipokuonyesha ile video kwenye simu? Vita vya watu wa mbali, barabara ya matope, kifaru kinatembea peke yake. Juu yake walikuwa wamekichomelea nondo na wavu. Kidude kidogo kikaja kinaelea, kikazunguka, kikatafuta tundu, kisha ukaonekana moshi. Neema akasema, "Babu, kale ni kadroni tu, wanakanunua dukani." Ukaomba airudishe. Ukaitazama tena na tena. Halafu ukacheka, Baba. Ulicheka peke yako mpaka machozi yakakutoka. "Wamekijengea banda," ukasema. "Jamani, kifaru wamekijengea banda." Neema akanitazama, nami nikamtazama. Tulidhani ni uzee.

Kesho yake ukaniambia tufunge duka mapema. Tukatembea kutoka Gerezani mpaka Kariakoo, tukipisha mikokoteni na wabeba mizigo, wewe mbele na kofia yako ya bereti nyeusi, mimi nyuma nashika mkoba kwa mikono miwili. Tukaingia kwenye duka la kamera la yule kijana wa Kichaga, ambaye jina lake hakuna anayelijua, wote wanamwita Mangi.

"Shikamoo mzee, karibu sana."

"Marahaba. Nasikia unauza ndege."

"Droni zipo mzee wangu, mzigo mpya kabisa. Unafanya shughuli za harusi?"

Akakutolea moja kwenye boksi. Ukaipakata viganjani, ukaipima uzito, ukapuliza pangaboi zake zikazunguka.

"Inabeba uzito gani?"

"Inabeba kamera yake tu, mzee. Ila inapanda juu hatari, unapata ukumbi mzima, maharusi wanashuka kwenye gari, yaani mpaka vitambaa vya mezani."

"Na mtu akiifunga kitu kingine?"

Mangi akafikiri. "Kitu kama nini mzee? Pete?"

Ukairudisha kwenye boksi taratibu, ukamshukuru, tukatoka. Tulikuwa tumeshafika karibu na barabara ya mwendokasi uliposema, "Mama, tumeuawa na mpiga picha wa harusi." Uliniita Mama siku zote kwa kuwa nina jina la mama yako, na siku hiyo ulilitamka kama mtoto anayemshtakia mama yake kweli.

Ukasema basi, biashara ya vifaru imekwisha, viwanda vyote sasa vitafungwa. Habari zilizofuata zikasema kinyume. Viwanda vinaajiri. Nchi zilizokuwa zimeuza vifaru vyao kama vyuma chakavu zinapanga foleni kununua vipya. Hata kile kiwanda chako, ukasikia, kimepata wateja wengi kuliko ujana wako wote. Hapo ndipo nilipokuona umechanganyikiwa kwa mara ya kwanza maishani. Ulikaa kwenye kiti hiki, ukavua miwani.

"Kinachoungua ndicho kinachonunuliwa," ukasema. "Nieleze, Mama. Wewe ni mfanyabiashara."

"Baba, mbona rahisi? Brekipedi zingekuwa haziishi, sisi hapa tungekula nini?"

"Brekipedi haina watu wanne ndani."

Mteja akaulizia plagi, nikamshukuru moyoni kwa kuja.

Ukaugua muda mfupi ukaondoka. Hayo unayajua. Nitakusimulia usiyoyajua, ingawa mara nyingine nahisi wewe ndiye uliyeyapanga.

Mzee Kikoti alifika msibani asubuhi ya maziko. Wasomaji wengine hawamjui, kwa hiyo niwaambie: huyu alikuwa mpiga mzinga wa kifaru chako katika vita vya Kagera, mkaingia jeshini pamoja mkatoka pamoja, na juu ya hayo yeye ni Mhehe na wewe ni Mngoni. Wewe mwenyewe ulitueleza kwamba babu zenu walipigana mpaka wakachoka, wakaona afadhali wachekane. Mtani hana adabu, na msibani ndipo anapokosa adabu zaidi, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Anayemkasirikia mtani ndiye anayeonekana mjinga.

Jeneza lako lilikuwa sebuleni. Tulipojiandaa kulitoa, Mzee Kikoti akatokea uani amevaa ovaroli lako la kazi, sijui alilitoa wapi, sufuria kichwani, mwiko wa ugali kaunyoosha mbele kama mzinga. Nyuma yake wanawake wawili wa Kihehe wananguruma kwa sauti nzito. Wakaja hivyo taratibu, mbele ya katekista, mbele ya mjumbe wa mtaa, mpaka mlangoni. Mlangoni akakohoa mara mbili, akatetemeka, akasimama.

"Kimezimika," akatangaza. "Jamani, kimezimika kabla ya mto. Wenzake tunavuka, Mngoni anabaki. Mleteeni kuku wake."

Wale wanawake wakaanza kutetea kama kuku na kuchakura ardhi kwa miguu. Ua mzima ukaangua kicheko.

"Huyu mnayemlilia," akaendelea, "hakuvuka mto wowote. Sisi tulikula risasi, yeye alikula mayai. Alifuga kuku ndani ya kifaru cha serikali. Jogoo alikuwa analala kiti cha kamanda. Hatoki mtu hapa mpaka nilipwe kuku wangu."

Nilicheka, Baba. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ulazwe hospitali. Nikamwahidi kuku, akaachia mlango. Kisha akaenda mwenyewe kushika jeneza upande wa mbele, sufuria bado ipo kichwani, na alipolinyanyua nikamwona analia wazi kabisa, makamasi na yote. Nikasema huo ndio utani, mtu anacheka na kulia kwa kinywa kimoja.

Lakini Neema hakucheka mpaka mwisho. Unajua ulivyomlea yule mtoto. Wewe ndiye uliyemwekea kichwani vifaru tangu hajaota meno ya ukubwa. Alipomaliza mafunzo ya awali kambini akachaguliwa jeshini, akaomba mwenyewe apelekwe vifaru, na walipomuuliza sababu akawajibu kwamba yeye ni mjukuu wa dereva aliyevuka mto. Bereti yako umemwachia yeye. Tulipoanua tanga akanifuata jikoni.

"Mama, babu alivuka au hakuvuka?"

"Ule ni utani, Neema. Mtani hasemi kweli."

"Mbona nikikumbuka, babu hakuwahi kunisimulia upande wa pili?"

Mkono wangu ukabaki ndani ya beseni la vyombo. Maana nami, nikikumbuka, hukuwahi. Ulitusimulia safari ya kwenda, treni, mvua, migomba, namna mlivyolala chini ya kifaru. Ulitusimulia mlipofika kando ya mto. Halafu, kila mara, ulinyoosha miguu ukasema, "Basi, tukashinda, tukarudi, watu wamejipanga barabarani wanatupungia." Nilisikia hadithi hiyo utoto wangu wote na sikuona kama katikati yake pana shimo. Nikakumbuka na ile siku ya kucheka. Wamekijengea banda.

"Kama alivuka," Neema akaniambia, "nami nitaweza. Kama hakuvuka, nijue kabla sijavaa kofia yake."

Ningemuuliza mama, lakini mama ametangulia miaka mingi. Kwa hiyo nikamnunua tetea, mweupe, mnene, nikamtia kwenye kapu, nikaenda Kariakoo kwenye duka la maharage la Mzee Kikoti. Nilimkuta amekaa juu ya gunia, anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, Mzee Kikoti."

"Marahaba. We Mngoni mdogo, baba yako bado mbichi huko chini, umekuja kunipima na mimi urefu?"

"Nimeleta kuku wako."

Akamtoa kwenye kapu, akampapasa kifuani kwa kidole gumba. "Huyu amekula vizuri kuliko mimi. Haya, deni limeisha, kaburi limefunguka, baba yako anaweza kupita."

"Nina swali."

"Mtani haulizwi, mwanangu. Mtani anatukanwa tu."

"Leo naomba usiwe mtani. Uwe baba mdogo."

Akamfunga kuku miguu kwa kitambaa, akamweka kando, akahamia mwisho wa gunia ili nikae. "Kaa huku kulia," akasema. "Sikio hili lingine nililiacha kulekule."

Nikamuuliza. Naye akanieleza, Baba, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, isiyo na mchezo hata kidogo. Alisema kifaru chenu kilizimika kweli, kabla ya mto. Pampu ya dizeli. Alisema kamanda na yeye wakahamishiwa vifaru vingine ambavyo watu wake walishikwa na malaria, na aliyekuwa akipakia makombora naye akaenda, na wewe ukaachwa ukilinde na ukitengeneze, ukimaliza uwafuate. Wakavuka. Kifaru alichohamia Mzee Kikoti kilikwenda mwendo mfupi tu, kikakanyaga bomu lililofukiwa. Yeye akatoka na sikio moja. Dereva hakutoka.

"Na baba?"

"Baba yako alibaki. Wanakijiji waliokimbia walikuwa wameacha kuku, wakawa wanamfuata kwa makombo, mvua ikinyesha wanaingia ndani. Hilo la kuku si utani. Nilimkuta nao wakati wa kurudi, na mayai akanikaangia."

"Kwa hiyo hakuweza kukitengeneza."

Mzee Kikoti akachota maharage mkononi akayarudisha. "Wewe unamjua baba yako. Gari gani Gerezani lilimshinda?"

Nikatikisa kichwa.

"Siku moja, kabla ya lile bomu, upepo ulikuwa unatoka kwa baba yako kuja kwetu. Nikasikia injini. Ukiishi ndani ya chuma kile, injini yake unaijua kama kikohozi cha mtoto wako. Ikanguruma vizuri, safi kabisa. Nikawaambia wenzangu, jamaa yetu huyo anakuja. Kisha ikanyamaza. Hakuja."

"Labda ilizimika tena."

"Labda."

"Hukumuuliza?"

"Nimemuuliza kila mara. Siku ya harusi yake. Siku ya ubatizo wako. Msiba wa mama yako. Nilimuuliza kwa kuku, maana bila kuku mdomo ulikuwa haufunguki. Akawa anacheka tu, ananipa soda."

"Na hukumkasirikia?"

"Nilimkasirikia sana. Halafu ukazaliwa wewe, wakanipa nikubebe." Akanitazama kuanzia kilemba mpaka viatu, kama ananipima tena. "Ukanikojolea. Nikaona hasira nyingine zinachosha."

Mteja akaja kuulizia maharage ya njano, akaambiwa arudi baadaye. Kisha Mzee Kikoti akafuta uso kwa kiganja, na nilipomwangalia tena, yule mtani alikuwa amesharudi. "Hata hivyo Wangoni hamna akili," akasema. "Ningekuwa mimi, ningefuga na bata."

"Mzee, haya uliyoniambia ni kweli?"

"Kuku wangu anapigwa na jua, mweke kivulini."

Hapo ndipo alipoishia, na ndipo mimi nilipo mpaka sasa.

Nimejaribu kulipanga jambo hili kama ninavyopanga spea kwenye shelfu, kila kitu na mahali pake, limenishinda. Injini ya dizeli ikiingia hewa hufanya hivyohivyo: inawaka vizuri, unafurahi, kisha inakufa. Nimeuza pampu maisha yangu yote, nazijua. Lakini nakumbuka pia mtu aliyewasha lori la watu kwa waya wa kuanikia nguo, hapahapa mbele ya duka, akala na chapati juu. Nikitaka kukutetea ninao ushahidi. Nikitaka kukushtaki ninao pia. Na kibaya zaidi, sijui kipi kati ya viwili hivyo ndicho ninachotaka.

Kama kilizimika chenyewe, basi ile sifa yote uliyokipa kiwanda kile ilikuwa ya bure, na wakati huohuo kinanidai shukrani ambazo sijui nizipeleke wapi. Kuna mtu kule, fundi aliyechoka au mkaguzi aliyekuwa na haraka ya kwenda nyumbani, aliyeipitisha pampu mbovu, na kwa ajili yake nikazaliwa mimi, akazaliwa Neema. Kama ulikizima wewe, shukrani ni zako. Lakini kila nikifungua kinywa kukushukuru namwona yule dereva mwingine. Naye huenda alikuwa na mchumba. Huenda yupo binti wa umri wangu ambaye hakuzaliwa, ambaye angekuwa na duka lake mahali fulani, anazozana na wateja. Nitamwambiaje huyo kwamba nafurahi? Na ningekuwa mtu wa namna gani nikisema sifurahi?

Ulikuwa mwoga, Baba? Neno hilo nimelitamka peke yangu dukani, kwa sauti ndogo, nione litakaaje. Halikukaa. Nikajaribu shujaa, nalo halikukaa. Nilichobaki nacho ni kijana wa Kingoni amekaa juu ya chuma kikubwa kwenye mvua, anasikiliza mizinga ng'ambo ya mto, mkono uko kwenye swichi, na kuku wamemzunguka. Nampenda kijana huyo. Hilo nalijua, na katika mambo yote haya ni hilo tu ninalolijua bila kubahatisha.

Jana jioni nilimkuta Neema sebuleni Magomeni anapiga pasi sare zake. Bereti yako ilikuwa mezani, ameitia maji ameikunja upande kama ulivyomfundisha. Hakuiacha pasi.

"Umemwona Mzee Kikoti?"

"Nimemwona."

"Kasemaje?"

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Nilitaka kumsimulia pampu, upepo, malaria, yote kwa mpangilio. Nikamtazama mikono. Ana mikono yako, ile mipana ya vidole vifupi. Wiki ijayo mikono hiyo itafundishwa kuvuta kushoto na kuvuta kulia ndani ya chuma ambacho siku hizi kinawindwa na vitu vya harusini. Yote niliyoyapanga nikayaacha.

"Babu yako alirudi," nikamwambia.

"Mama, nimekuuliza kama alivuka."

"Nimekusikia. Mimi nakwambia alirudi."

Akaisimamisha pasi. Akanitazama muda mrefu, kisha akaichukua bereti, akaivaa, akaiweka sawa mbele ya kioo cha kabati. Hakuniuliza tena. Sijui alielewa nini na sikuthubutu kumuuliza.

Pumzika, Baba. Jumatatu nitamsindikiza mpaka getini, nitampungia mkono kama watu wote, nitasema najivunia, na itakuwa kweli. Lakini wewe uliye karibu na Mungu, nina ombi kwako ambalo siwezi kulisema kanisani. Watu watamwombea ushujaa, wewe usimwombee huo, anao wa kutosha. Ikifika siku ya mto wake, mwombee kizimike.

Ni mimi binti yako uliyeniita Mama,
Agatha